Ordinatere ya papa na mama: franga iende wapi

Kila mara mutu ananiuliza anunulie wazazi wake ordinatere gani, anaanza na prosesa, ubongo wa mashine. i5 ao i7, ram ngapi, diski giga ngapi. Mi namuuliza kwanza: mama yako anavaa miwani ya namna gani? Na kwenu kuran (umeme) inakatika saa ngapi? Wengine wanafikiri nakwepa swali, lakini hapa Lubumbashi hayo maswali mawili njo yanaamua kama ile mashine itatumika kila siku ao itafunikwa kitambaa cha krosheti na kuwekewa picha ya ndoa juu yake.

Siye ndugu tulichanga dola 300. Yaya wetu wa Kolwezi alitoa nusu, wengine tukagawana ile ilibaki, na mi nikapewa kazi ya kutafuta vyombo na kuvifunga, juu mi ndiye niko karibu na wazazi na juu hiyo kazi naipenda. Wazazi wanakaa Katuba, nyumba ile ile tulikomalia. Papa alikuwa fundi wa umeme ku Gécamines, kampuni ya migodi. Mama alikuwa sekretere, daktilo wa zamani, wale walijifunza kupiga mashine bila kuangalia vidole. Papa anataka kusoma habari za Radio Okapi kwa herufi kubwa, kuona wajukuu wake wale wako Ubelgiji, na kuandika majina yote ya ukoo yenye yeye peke yake sasa anayakumbuka. Mama aliomba kitu kimoja tu, apige tena. Yeye ndiye anaandika ripoti za wamama wa parokia na maneno ya nyimbo za kwaya, miaka yote kwa kalamu, na mukono umeanza kumuuma.

Ukiangalia hizo kazi, hakuna hata moja inaomba mashine ya nguvu. Prosesa ya miaka kumi iliyopita inazimaliza zote na nguvu inabaki. Kitu kitawashinda wazazi ni herufi ndogo, klavie haieleweki, kuran inaenda katikati ya ukurasa, na mashine inayouliza maswali kila asubuhi. Basi franga iende kule. Hiyo ndio hesabu yangu yote na sikuibadirisha mpaka mwisho: macho, vidole, kuran, halafu njo prosesa.

Nianze na vidole. Ordinatere za okazyo, zile zimekwisha kutumika, zinauzwa katikati ya mji, upande wa Poste na zile barabara za pembeni, na zinatoka fasi mingi. Kuko zile zinatoka Ubelgiji na Ufaransa, kuko zinapita Dubai, kuko zinatoka Afrika ya Kusini kwa lori mpaka Kasumbalesa. Za Dubai na za Afrika ya Kusini karibu zote zinakuja na klavie ya QWERTY, mpango wa herufi wa Kiingereza, na muuzaji atakuambia ni kitu kidogo, utazoea. Mutoto wa miaka 15 atazoea, eyo. Lakini mama yangu alifundishwa AZERTY, ule mpango wa Kifaransa, ku masomo ya sekreterya, vidole vyake vinajua A iko wapi hata akifunga macho, ukimuwekea QWERTY basi A inatoka Q, Z inatoka W, na M yenye iko pembeni ya L inaenda kujificha mustari wa chini. Ile ufundi ya maisha yake yote unaifanya kuwa kosa. Sikukubali hata kidogo, na kama mzazi wako ni mutu aliwahi kupiga mashine, ukatae pia.

Tena hata AZERTY haiko moja. Muuzaji aliniambia, "Yaya, zote ni AZERTY tu, chukua yoyote." Nikamwambia apana, angalia hii. Klavie ya Ubelgiji na ya Ufaransa herufi zake ziko fasi moja, lakini alama hapana: ile ya Ubelgiji unapata @ kwa Alt Gr na 2, ya Ufaransa ni Alt Gr na 0. Mutu hajui hii anaanza kuandika adresi ya imeli, anabonyeza kile kimeandikwa ku kitufe, ekrani inaonyesha kitu kingine, anafikiri mashine imeharibika ao yeye amezeeka. Haiko hivyo hata kidogo, ni programu tu inafikiri iko Ufaransa wakati klavie ni ya Ubelgiji. Unaingia mu mipangilio, unachagua Belgique, inaisha. Klavie niliyochukua ni ya Ubelgiji, ya kabo, nzito, vitufe virefu vinavyoingia kabisa chini ya kidole, juu mama anapiga na nguvu sawa zamani. Dola 12, na katika dola zote 300 hakuna zingine zilifanya kazi kuliko hizo.

Suri, ile ya kusongesha mushale, pia ya kabo. Suri bila kabo inaomba batri, na batri ikiisha hakuna mutu atajua kwa nini mushale hausongi. Ya papa nilichagua kubwa ya kujaza mukono, halafu mu mipangilio nikapunguza mbio ya kubonyeza mara mbili, juu vidole vya mutu wa miaka 70 na kitu haviwezi kubonyeza mbio mbio, na pale mashine inaona ni kubonyeza mara moja moja na haifungui kitu. Kuko hata namna ya kuiambia ifungue fishie kwa kubonyeza mara moja tu. Niliwawekea hiyo. Inachukua muda mudogo sana na inaondoa hasira mingi sana.

Sasa macho. Watu wengi wananunulia wazazi laptop, na naelewa sababu: iko na batri ndani, haichukui fasi, unaibeba. Lakini laptop ya okazyo mara mingi batri yake imekwisha kufa ao inakaribia, ekrani ni inchi 14, na iko chini, mutu anainamisha shingo. Halafu klavie ikiwa QWERTY umekwama nayo. Kwa dola 45 nilipata ekrani ya inchi 22, ya 1920 kwa 1080, LED, bila alama wala mustari. Kabla ya kulipa niliomba muuzaji awashe, nikaweka ukurasa mweupe wote, halafu mweusi wote, halafu mwekundu, ndipo nukta zile zimekufa zinaonekana, na kona zile zimechoka zinaonekana pia. Muuzaji muzuri hakasiriki na hiyo. Yule anakasirika, muache na ekrani yake.

Kitu kimoja watu hawasemi: kimo cha ekrani. Kila fasi utasoma ukingo wa juu wa ekrani uwe sawa na macho. Kwa kijana, sawa. Lakini mama anavaa miwani ya fwaye mbili, ile sehemu ya kusomea iko chini ya kioo, kwa hiyo ekrani ikiwa juu analazimika kuinua kidevu ili aone kupitia sehemu ya chini, na nusu saa kisha shingo inamuuma na anasema ordinatere inaleta kichwa. Niliishusha ekrani mpaka karibu na meza, nikaiinamisha kidogo kwa nyuma, na mama akasoma bila kusongesha kichwa. Herufi nilizikuza mara moja na nusu kwa mashine yote, siyo mu programu moja tu, ili menyu na saa na kila kitu vikue pamoja. Wengine wanapunguza rezolisyo (hesabu ya nukta) ya ekrani ili herufi zikue, lakini pale zinakuwa na ukungu na macho yanachoka zaidi. Acha rezolisyo vile iko, kuza maandishi.

Na kuran, njo fasi yenye niliweka mawazo mingi.

Papa ananifasiria kuran tangu niko mutoto. Yeye ndiye aliniambia juu ya ile laini ya kutoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilomita 1,700, imefanya kazi tangu 1982, na kwamba ndani ya nyaya zake kuran inaenda upande moja tu, sawa ya batri, juu kwa safari ndefu vile upotevu unapungua, halafu Kolwezi ndipo wanaigeuza kuwa ile ya kawaida. Ile laini ilijengwa kwa ajili ya migodi ya shaba. Siye wa nyumba tunapata kile kinapita. Basi nilipomwambia kwamba ordinatere niliyopata, ndani yake inakula kuran ya upande moja ya volti 19 na nusu, alivaa miwani akasoma mwenyewe maandishi ku adapta, na tangu pale ile mashine ikawa yake, hata mbele ya kuiwasha.

Tuongee wati. Ordinatere kubwa za zamani, zile za kukaa chini ya meza, pamoja na ekrani yake zinaweza kula wati 100 na zaidi. Mi nilitafuta zile ndogo za ma biro, zile ukubwa wake ni sawa na kitabu kinene, zinafungwa nyuma ya ekrani ao zinalala ku meza. Ikiwa mutu anasoma ao anaandika inakula wati 10 mpaka 15 hivi. Ekrani yangu ya inchi 22 karibu 20. Jumla tuseme wati 40 na kidogo ya kulinda. Hiyo namba ndogo ndio inabadirisha kila kitu, juu onduleri (ile sanduku ya batri inayoshika mashine pale kuran inakatika) ya bei ya chini, ya 650 VA, ndani yake iko na batri moja ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha: wati-saa 84 ku karatasi. Ukitoa kile onduleri yenyewe inakula na kile batri ya risasi inakataa kutoa ukiivuta mbio, unabaki karibu na nusu. Kwa wati 40 unapata karibu saa moja, batri ikiwa mupya. Kwa mashine kubwa ya wati 100 na kitu ungepata muda wa kutafuta viatu tu.

Lakini niliwaambia wazazi wazi wazi: hiyo saa moja haiko ya kufanyia kazi. Onduleri ikilia, unamaliza sentensi, unahifadhi, unazima. Batri ya risasi ukiikausha mpaka chini kila siku, haimalizi mwaka. Ukiitumia vile inapaswa itaishi miaka miwili, mitatu, na kisha unabadirisha batri peke yake, siyo onduleri yote, ni skru chache. Chagua onduleri yenye iko na reguleta ndani, ile ya kusawazisha volti, juu kwetu shida haiko tu kuran kukatika, iko pia ile ya jioni pale mutaa wote unapika na volti zinashuka taa inakuwa nyekundu, na ile ya kurudi kwa kishindo. Kurudi ndio kunaua vyombo kuliko kuondoka.

Kwa sababu hiyo kuko mpangilio moja mu BIOS, ile programu ya ndani inayoanza mbele ya zote, ku mashine za HP inaitwa After Power Loss, inauliza: kuran ikirudi, nijiwashe ao nibaki nimezima? Chagua ibaki imezima. Acha friji za majirani ziwake kwanza, mutaa utulie, halafu papa abonyeze mwenyewe.

Na kiko kibatri kidogo ndani, CR2032, cha volti 3, kile cha duara. Mashine ya okazyo imekaa miaka bila kuguswa, hicho kibatri mara mingi kimeisha. Ku nyumba yenye kuran haikatiki hutajua hata. Ku Katuba, kila kuran ikienda saa inarudi ku mwaka wa zamani, na hapo intaneti inakataa, kila ukurasa unasema haiko salama, juu vyeti vya usalama vya site vinaangaliwa na tarehe, na mashine inafikiri vyeti bado havijazaliwa. Nimeona watu wanapeleka ordinatere kwa fundi, wanaambiwa ni virusi, wanalipia kusafisha yote, na ilikuwa kibatri cha bei ya soda. Badirisha mara moja, usingoje.

Mashine yenyewe sasa, nitaenda mbio. Nilichukua HP EliteDesk 800 G2 Mini yenye Core i5-6500T. Namba ya kwanza, 6, ni kizazi. Ile T mwishoni njo ya maana kwetu: ni zile prosesa za wati 35. Dola 120 na adapta yake ya kweli. Ningepata OptiPlex Micro ya Dell ao ThinkCentre Tiny ya Lenovo ya umri ule ule ningechukua pia, ni ndugu. Kwa Dell tu, hakikisha adapta ni ya Dell, juu inatambua adapta yake kwa pini ya katikati, na ukiipa ya kigeni inalalamika pale inawaka na inaweza kupunguza mbio ya prosesa.

Mbele ya kutoa franga kuko vitu vya kuangalia pale pale ku duka. Kwanza ingia mu BIOS, kwa HP ni F10, uone kama haiombi neno la siri. Hizi mashine zilikuwa za ma biro kule Ulaya, zingine zilitoka bila kufunguliwa, na hiyo siri hakuna mutu hapa anaijua. Ikiomba, iache. Fungua kifuniko, ni skru moja ya kufungua kwa vidole nyuma, halafu unavuta. Angalia vumbi, angalia kama ram ni vipande viwili ao kimoja, angalia kama antena ya wifi iko, juu mingi zilinunuliwa bila wifi. Ya kwangu haikukuwa nayo na haikunisumbua, nitasema kwa nini. Angalia porti za ekrani pia: hii HP iko na DisplayPort mbili na VGA, haina HDMI. Ekrani yangu ilikuwa na VGA kwa hiyo kabo moja ilitosha, lakini mutu mwenye ekrani ya HDMI tu ataomba kiunganishi, na ni heri ukiombe ndani ya bei pale unaongea kuliko kukitafuta kesho. Na bei ukisha kuipatana, hakikisha dola zako ni safi, unajua hapa kwetu noti iko na kipasuko kidogo ku kona hakuna mutu anaipokea.

Ndani niliondoa diski ya kuzunguka. Hapo sina huruma, diski ya kuzunguka mu nyumba ya wazazi hapana. Ni kitu iko na sindano inatembea karibu sana juu ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na unaikatia kuran bila kuiambia. SSD ya giga 240, ya SATA, dola 25, haina kitu kinatembea, na mashine ya 2015 inawaka mu muda mufupi kiasi papa hana nafasi ya kwenda kufanya kitu kingine akiisahau. Ram giga 8 zilikuwa tayari ndani, nikaziacha. Nikapuliza vumbi, nikapangusa ile pate ya kupitisha joto ya prosesa yenye ilikuwa imekauka sawa udongo, nikaweka mupya. Kwa Lubumbashi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua karibu hakuna na vumbi jekundu linaingia hata mu kabati iliyofungwa, kwa hiyo hii mashine hailali chini ku sakafu, inakaa juu ya meza, matundu yake hayagusi ukuta, na kila kianga kikiisha nitaifungua tena.

Programu. Windows 10 Microsoft waliacha kuitunza tarehe 14 mwezi wa 10, 2025, na Windows 11 inaomba Intel ya kizazi cha 8 kupanda na TPM 2.0 (kipande cha usalama ndani ya mashine), kwa hiyo i5-6500T iko inje. Kuko watu wanailazimisha iingie, inaingia, lakini siwezi kuwapa wazazi kitu kimesimama juu ya ujanja, siku moja sasisho itakuja ikatae na mi niko kazini. Niliweka Linux Mint 22, sistemi ya kuchukua fasi ya Windows, kwa Kifaransa, ya bure, inatunzwa mpaka 2029. Sura yake ni ile mutu anazoea: menyu kona ya chini kushoto, saa kulia. Mama hakuuliza inaitwa nani. Aliuliza fasi ya kuandikia iko wapi, nikamuonyesha LibreOffice Writer, akakaa sawa, mugongo umenyooka, akaanza.

Sitasahau ile sauti. Mi nilikuwa napanga kabo chini ya meza, nikasikia klavie inanyesha, na papa akazima redio.

Mu LibreOffice kuna fasi ya kuiambia ihifadhi peke yake kila dakika kiasi fulani, kawaida ni 10. Niliweka 2. Na Timeshift niliiwasha, ile inashika picha ya sistemi, mutu akigusa kitu hakifai unarudisha vile ilikuwa juzi. Ku meza ya mbele niliacha alama nne tu: kuandika, Firefox ya intaneti, picha, na maktaba. Vingine vyote viko mu menyu, havijapotea, lakini havimwangalii mutu usoni.

Maktaba ni Kiwix, na kama unaondoka na kitu kimoja mu haya maandishi, ondoka na hiki. Kiwix inakuwezesha kuweka Wikipedia ndani ya mashine na kuisoma bila intaneti hata kidogo. Ya Kifaransa nzima na picha zake inapita giga 30, ndio maana nilitaka SSD ya 240. Niliipakulia fasi yenye koneksyo ya nguvu, nikaileta ku diski ya inje. Papa sasa anasoma juu ya mabwawa sawa lile la Mwadingusha, juu ya reli, juu ya wafalme wa Waluba, usiku mukubwa, na hamalizi hata mega moja ya fofe, zile mega za kununua. Mutu alifanya kazi na mikono yake maisha yote na alikuwa na njaa ya kusoma, hiyo ni haki yake, na sijaona zawadi yoyote nimempa papa ikamuingia vile.

Intaneti ya kweli inapita ku telefoni ya mama kwa kabo ya USB. Ndio maana wifi haikunisumbua. Unachomeka kabo, unawasha kushirikisha koneksyo ku telefoni, Mint inaitambua bila kuomba kitu, na tena telefoni inakula kuran pale pale kwa hiyo haizimiki katikati ya maongezi. Mu Firefox niliweka uBlock Origin, siyo tu kwa usumbufu wa matangazo, ni kwa mega, juu matangazo ya video yanakula fofe ya mutu ambaye hakuyaomba. Sasisho hazijipakui zenyewe, nazifanya mi pale naenda kula bukari kule, na telefoni yangu. Kwa wajukuu wa Ubelgiji tunatumia Google Meet mu Firefox, na kamera ndogo ya 720 yenye maikro ndani, dola 15. Inatosha. Koneksyo yetu haingebeba zaidi.

Jumla ya vile nimetaja bei ilifika dola 272 na onduleri ya 55 ndani. Ile ilibaki niliinunulia multipriz ya nguvu na fofe ya mwezi wa kwanza.

Kufundisha nilifanya namna moja: mi sikushika suri. Mutoto akishika suri, mzazi anaangalia tu na mikono mu mapaja, anasema "eyo, eyo, nimeelewa", na akibaki peke yake haanzi. Papa alishika mwenyewe tangu mwanzo, nikakaa pembeni. Na mama alileta kaye, akaandika yeye, kwa mwandiko wake wa sekretere na kwa maneno yake, namna ya kuwasha, namna ya kuandika, namna ya kuzima onduleri ikilia. Nilikuwa nimetaka kuwachapia karatasi nzuri. Kaye yake ni bora mara mingi, juu kila neno ndani ni neno analolielewa.

Sasa wanaomba printa, na hapo bado tunajadiliana. Ile ya wino wa maji ni ya bei ya chini kununua, lakini mutu anachapa kurasa chache kwa mwezi, na kianga hiki chetu wino unakauka ku mdomo wa kichwa chake, unanunua mupya mbele haujatumia wa zamani. Ya leza unga wake haukauki, inaweza kungoja miezi, lakini pale inapasha moto inavuta wati mia kadhaa kwa ghafla, na onduleri yetu ndogo haiwezi, ingebidi ichomekwe moja kwa moja ku ukuta, na papa kama fundi hapendi kitu kichomekwe bila reguleta. Kwa hivi sasa mama anahifadhi ripoti ku kile flash chake kwa PDF, kisha misa anampitishia kijana wa fotokopi pale kwenye kona ya parokia, na nakala zinatoka siku ile ile.